Kihispania cha askari wa anga, mwaka 2290: mwongozo kamili kwa mwandishi wa Kiswahili

Hadithi nyingi za vita vya anga za juu humtambulisha askari anayeongea Kihispania kwa maneno matatu: amigo, señor, vámonos. Yaliyobaki yote anaongea kama mtu wa Sinza. Msomaji anasamehe ukurasa wa kwanza, wa pili anachoka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Dar es Salaam, anayeandika kwa Kiswahili, na anayetaka kikosi ambacho Kihispania chake kimekaa kambini vizazi kadhaa. Kazi inakula jioni kumi hivi. Mwishoni utakuwa na karatasi nne: ukurasa mmoja wa historia, kanuni tano za sauti, jedwali la nani anamwitaje nani, na orodha ya maneno 60. Karatasi hizo haziingii kwenye hadithi. Zinakaa pembeni ya kompyuta, unachota kidogo kidogo.

Lugha ya askari huchongwa na kelele, haraka, uchovu, na makuruta wasioelewana siku ya kwanza. Kwa hiyo tunaanza na watu. Msamiati utakuja karibu mwisho.

Hatua ya kwanza: miaka na makuruta

Hesabu miaka iliyopo kati ya leo na hadithi yako. Kihispania kilichoandikwa miaka ya 1600 msomaji wa leo bado anakisoma, akikwama hapa na pale. Basi miaka 250 mbele haiwezi kukupa lugha isiyotambulika. Chini ya miaka 100, badili msamiati tu. Kati ya 100 na 300, ongeza sauti na namna ya kuitana. Ukivuka 500 ndipo uguse sarufi.

Kisha andika kikosi kimetoka wapi, kwa idadi. Kihispania ni lugha ya nchi 20: 18 za Amerika, Hispania yenyewe, na Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika. Waandishi wengi wanaisahau hiyo ya mwisho, nayo ndiyo mlango rahisi kuliko yote kwa hadithi inayoanzia Kigamboni. Mfano tutakaoutumia: kombania ya watu 120, ambao 50 ni wa Karibi, 30 wametoka Bata na Malabo, miji ya Guinea ya Ikweta, na 40 ni vijana wa Dar waliojifunzia Kihispania kambini. Anayefundisha gwaride ndiye ambaye matamshi yake hushika, hata kama watu wa kwao ni wachache. Hapa wakufunzi ni Wakuba.

Hilo halijalazimishwa. Mtu wa kwanza mwenye Kihispania kufika angani alikuwa rubani wa jeshi la Kuba, Arnaldo Tamayo Méndez, Septemba 1980, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kufika huko. Na kama unataka kuona maisha ya kituo cha jeshi mahali ambapo hewa yenyewe ni adui, soma kuhusu Base Esperanza ya Argentina huko Antaktika, ambako askari huishi na familia zao.

Kosa la kawaida kwenye hatua hii ni kuchanganya lahaja ndani ya kinywa kimoja. Askari anayesema vosotros, "ninyi", ni wa Hispania au Guinea ya Ikweta. Anayesema vos tenés, "wewe una", kwa kawaida ni wa Argentina, Uruguay au Amerika ya Kati. Mtu mmoja hasemi yote mawili bila sababu, na sababu hiyo lazima iwe kwenye ukurasa wako wa historia.

Ukiamua kwenda mbali zaidi ya miaka 500, usibuni sarufi kutoka hewani. Tazama Kichavakano cha Zamboanga, Ufilipino, lugha iliyokua kuzunguka ngome ya Wahispania iliyoanza kujengwa mwaka 1635. Huko kitenzi hakinyambuliwi tena: ya comé yo ni "nilikula", ta comé yo ni "ninakula", ay comé yo ni "nitakula". Shina limesimama, alama ya wakati imetangulia. Mswahili hahitaji kuelezwa. Ni li, na, ta zilizovaa nguo nyingine. Na sisi wenyewe tuliwahi kuwa na Kikeya, Kiswahili cha askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, ambamo upatanisho wa ngeli ulipunguzwa hadi mtu wa kabila lolote aweze kupokea amri. Jeshi hukata kwanza kile kinachomchelewesha kuruta.

Hatua ya pili: kanuni tano za sauti, kwa mpangilio

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Kila kanuni ifuatayo inasikika leo mahali fulani, hasa Karibi na kusini mwa Hispania. Wewe unazifanya ziwe za lazima kwa kila mtu.

Kwanza, s inayofunga silabi inaanguka, mwishoni mwa neno na mbele ya t: los soldados, askari, inakuwa lo soldado. Pili, d ya katikati ya -ado inayeyuka: soldado, soldao. Tatu, para inabaki pa, na para adelante, kuelekea mbele, inakuwa palante. Nne, r ya mwisho wa kitenzi inakatika: disparar, yaani kufyatua risasi, inakuwa dispará. Tano, voy a na vamos a, yaani "nakwenda ku-" na "tunakwenda ku-", zinaungana kuwa voa na vamoa, na hapo umepata alama mpya ya wakati ujao. Ukiona ni ajabu, kumbuka -ta- yetu ilitoka kwenye -taka, na taka kamili bado imejificha kwenye "atakayekuja".

Chukua sentensi moja uipitishe kwenye kanuni zote: *Vamos a disparar para adelante, mi sargento.* Baada ya ya kwanza: *Vamo a disparar…* Baada ya ya tatu na ya nne: *Vamo a dispará palante…* Baada ya ya tano: *Vamoa dispará palante, mi sarhento.* Hiyo h ya sarhento ni g ya Kihispania ilivyolainika kwa Wakuba. Ukianza na kanuni ya tano kabla ya kwanza utapata "vamosa", kisha s itakuwa imehama silabi na haitaanguka tena. Ndiyo maana mpangilio unaandikwa kwa namba na haubadilishwi katikati ya riwaya.

Sasa tafuta migongano, kwa sababu kanuni za sauti huua tofauti. Tatu hizi ni za lazima kuziona:

*Disparo* ni "nafyatua". *Disparó* ni "alifyatua". *Dispará*, kwa watu wa vos, ni amri: "fyatua!" Kanuni ya nne imefanya kitenzi kisichonyambuliwa kifanane kabisa na amri hiyo. Sajenti wa Kikuba anauliza kwenye redio kama wanakwenda kufyatua, mpiga mzinga wa kombania nyingine, kutoka Argentina, anasikia neno la mwisho tu. Jeshi lenye akili linakataza kitenzi hicho redioni na kubaki na *¡Fuego!*, ambayo haifanani na umbo lolote la kitenzi hicho. Mwandishi mwenye akili anaiacha ajali moja itokee kabla amri ya kukataza haijafika.

Mgongano wa pili uko kwenye umoja na wingi. El soldado na los soldados bado zinatofautiana, el soldao na lo soldao. Lakini la patrulla na las patrullas zote zimekuwa la patrulla. Doria moja au doria tano? Kikosi kitahitaji kiraka. Todas las ikibanwa inatoa *tola*, basi wingi wa kike uwe *tola patrulla*. Vijana wa Dar wataipokea bila shida. Kwao wingi umekaa mwanzoni mwa neno tangu wazaliwe.

Wa tatu ni zawadi. *Hasta*, "mpaka", ikipoteza s inabaki *hata*. Kihispania hakitamki h, ila vijana wa Dar wataitamka, kwa sababu kwao hilo ni neno la nyumbani. Na ni lile lile kweli: hasta na hata zote zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu, na Kiswahili cha zamani kilitumia hata kwa maana ya "mpaka". *Hata la puerta*, "mpaka mlangoni", anasema kuruta wa Temeke, na mkufunzi hana cha kusahihisha. Ndugu wengine wa namna hiyo: azúcar na sukari, alcalde na kadhi, almirante na amiri, ojalá na inshallah, na alférez, cheo cha ofisa mdogo, ambacho kimezaliwa na neno la mpanda farasi. Tumia mbili au tatu tu, zikizidi hadithi inageuka darasa.

Hatua ya tatu: nani anamwitaje nani

Askari wa Kihispania hamwiti mkubwa wake "señor" kila sentensi. Huo ni mdundo wa filamu za Kimarekani. Desturi iliyoenea ni *mi* na cheo: *mi sargento, mi capitán, a sus órdenes, mi coronel*. Mkubwa hamrudishii mdogo hilo *mi*. Ukiandika koplo akiitwa "mi cabo" na kapteni, umeligeuza jeshi juu chini. Sisi kazi yote hiyo tunaifanya kwa neno moja la asili ya Kituruki, afande. Vijana wa Dar hawataliacha nyumbani, basi lipe nafasi: *mi afande* ni kosa ambalo kambi nzima italicheka mwezi wa kwanza na kulitumia mwezi wa sita.

Jedwali liwe na safu tatu: mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa, sawa kwa sawa. Usted, "wewe" ya heshima, ilianza kama vuestra merced, "fadhila yako", ikasuguliwa na vinywa vya watu. Kwa kanuni zako inakuwa *uté*. Wazungumzaji wa Guinea ya Ikweta mara nyingi huchanganya usted na kitenzi cha tú, "wewe" ya kawaida, kama *usted quieres*, "unataka". Ichukue hiyo kama sheria ya kikosi: heshima kwenye kiwakilishi, wepesi kwenye kitenzi. *¿Uté me oíte?*, yaani "umenisikia?", ambamo oíste ya tú imepoteza s. Ni fupi, na mtu wa Madrid akiisikia atajua huyu hakukulia kwao.

Vyeo vina mitego. *Comandante* nchini Hispania ni cheo kamili, sawa na meja. Nchi nyingi za Amerika meja ni *mayor*, na comandante ni yeyote anayeongoza. *Capitán* wa nchi kavu ni kapteni, ila majini *capitán de corbeta* ni ngazi ya meja, *capitán de fragata* luteni kanali, na *capitán de navío* kanali. Kama vyombo vyako vya anga vinafuata desturi ya majini, amua mapema, vinginevyo kapteni wa sura ya pili atampigia saluti mtu aliye chini yake kwa cheo.

Hatua ya nne: gwaride na redio

Amri kumi na mbili zinatosha riwaya nzima. Msomaji aliyepita JKT atazitambua kwa mahali zilipo: *¡Firmes!* ni mguu sawa, *¡Descansen!* ni mguu pande, *¡Media vuelta!* ni nyuma geuka, *¡De frente, marchen!* ni mbele tembea, *¡Rompan filas!* ni tawanyikeni. Ongeza *¡Alto!* (simama), *¡Fuego!* (fyatua), *¡Alto el fuego!* (acha kufyatua), *¡A cubierto!* (jifiche), *¡Cuerpo a tierra!* Hiyo ya mwisho, "mwili ardhini", ni kichekesho kizuri mahali pasipo na ardhi; acha ibaki hivyo hivyo, majeshi huchelewa kubadili amri. Mbili zilizobaki buni mwenyewe, kwa ajili ya mvutano na hewa.

Redioni, *recibido* ni "nimepokea", na *cambio* humwachia mwenzako nafasi ya kusema. Tatizo la kweli ni namba. *Sesenta* na *setenta*, 60 na 70, zinatofautiana kwa konsonanti moja, na kelele huila hiyo kwanza. Suluhisho ni kutaja tarakimu moja moja: *sei cero, siete cero*. Baada ya kanuni ya kwanza *dos* imekuwa *do*, umbali wa konsonanti moja kutoka *no*, kwa hiyo "hapana" redioni iwe *negativo* daima. Mhusika anayesema *no* redioni ama ni mgeni ama ana hofu, na msomaji atalijua hilo ukishamzoesha.

Hatua ya tano: maneno 60

Gawa hivi: amri 12, vyeo 8, vifaa 15, chakula na mwili 10, matusi na utani 10, kifo na woga 5. Usivuke 60, ukivuka utasahau mwenyewe ulichokibuni.

Vifaa vipate majina ya jikoni na mtaani. Chunguza neno *casco*. Ni kofia ngumu ya askari, na pia ni bodi ya meli. *¡Se rompió el casco!* Je, imepasuka kofia ya mtu mmoja au ngozi ya chombo chenye watu 120? Lugha hai haivumilii utata kama huo kwa muda mrefu. Acha casco iwe bodi, na kofia iitwe *olla*, sufuria. Chumba cha kutokea nje, *esclusa*, hakina mgongano, kiache.

Kwa maneno ya vijana wa Dar, fuata njia ya Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita ya kwanza, lilivyotua kwenye sikio la mtu asiyejali tahajia. Fanya vivyo hivyo: *cuartel*, kambi, iwe kwateli, *guardia* iwe gwadia, *enfermería*, zahanati, iwe femeria. Tamka neno mara tano haraka, andika kilichobaki.

Majina ya vitani yana mfano ambao huwezi kuubuni vizuri zaidi. Mwaka 1965 Wakuba walipita Dar es Salaam, wakaenda Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Walijipa majina kwa kuhesabu Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo Mbili, na Che Guevara, mkubwa wao, Tatu. Carlos Coello aliitwa Tumaini, jina likakatwa kuwa Tuma, akaenda nalo mpaka Bolivia. Chota mawili hapo: mkubwa si lazima awe namba moja, na jina la silabi nne halimalizi vita likiwa zima.

Kwenye matusi uwe na tahadhari. *Coger* huko Hispania ni kushika au kuchukua tu. Meksiko na Argentina ni tusi la ngono. *Guagua* kwa Mkuba ni basi, kwa Mchile ni mtoto mchanga, hivyo "pakia guagua" inaweza kusimamisha kikosi kizima kwa kicheko. Neno la namna hiyo likiingia bila wewe kujua, mhariri hataliona, ila msomaji mmoja aliyesoma Havana ataliona.

Hatua ya sita: kuliingiza kwenye Kiswahili

Kipimo: neno moja jipya la Kihispania kwa kila maneno 150, na lirudi angalau mara tatu katika kurasa kumi zinazofuata. Msimulizi aandike maneno ya vijana wa Dar kwa tahajia ya Kiswahili (kwateli, gwadia), wahusika wa Kihispania waongee kwa tahajia ya Kihispania. Ukizichanganya, msomaji hajui tena ni nani anayesikiliza. Usitafsiri kwenye mabano. Maana ibebwe na mkono wa mhusika.

Vibaya: *"¡Vámonos, amigos!" alisema sajenti. "¡Sí, señor!" walijibu soldados.*

Afadhali: *Sajenti Ndong aligonga olla yake mara mbili kwa kifundo cha kidole, kioo kikalia. "Sei cero, sei cero. ¿Uté me oíte?" Kimya. Ufa kwenye casco ulikuwa umeshafika usawa wa bawaba. Juma akarudi kinyumenyume, mgongo ukitafuta ukuta. "Hata la puerta, mi afande," alisema, "halafu basi."*

Hapo msomaji asiyejua Kihispania anaona olla inavaliwa kichwani, casco ndiyo inayopasuka, na "hata" anaielewa huku akihisi imekaa mahali isipozoea.

Tahajia nayo ina ajali zake. *Año* ni mwaka. *Ano* ni tundu la haja kubwa. Askari anayetangaza umri wake bila kile kiwimbi juu ya n anachekesha nchi 20. Kwenye simu bonyeza n kwa muda. Kwenye Windows yenye kibodi ya namba pembeni, shikilia Alt uandike 164 kwa ñ, 168 kwa ¿, 173 kwa ¡. Kabla ya kupeleka kazi stesheni ya kuchapisha, igeuze kuwa PDF na fonti ziwe ndani. Ukipeleka faili ghafi kwenye flashi, ñ na ¿ ndizo za kwanza kugeuka vijisanduku.

Hatua ya saba: kujaribu

Wape watu watatu wasiojua Kihispania kurasa tano, wasome kwa sauti. Weka alama kila wanapokwama. Kukwama mara moja kwa ukurasa kunavumilika, mara tatu punguza. Kisha mtafute anayekijua. Dar wapo waliosomea Kuba, na hao watasahihisha kila kitu kielekee Havana. Wasikilize kwenye tahajia na matusi, wakatalie kwenye kanuni zako tano. Swali la kuwauliza ni moja: "Huyu sajenti ungemdhania wa wapi?" Wakijibu Bata, au wakijibu "sijui, ila si mgeni", karatasi zako zimekaa sawa. Wakitaja mhusika wa tamthilia ya televisheni, rudi hatua ya tatu, karibu kila mara kosa limejificha kwenye namna ya kuitana.